Alice Coachman, mcheza kwao ambaye hakutunzwa

BINGWA wa Olimpiki wa siku hizi akitua uwanja wa ndege hupokewa na waziri, ngoma na maua. Wiki haijaisha ameshaahidiwa kiwanja au gari, na kampuni za simu zinagombea sura yake ziibandike kwenye mabango. Alice Coachman alirudi Marekani kutoka London mwaka 1948 akiwa mwanamke wa kwanza mweusi duniani kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 24. Hakushindana tena. Alirudi darasani, mwaka 1949 akahitimu shahada ya sayansi kimu, akaenda kufundisha watoto wa shule na kuwanoa katika riadha.

Wanaosimulia habari zake wengi huishia kwenye medali. Miaka ya ualimu hupewa mistari miwili, kama vile bingwa alikwenda kupumzika. Lakini ndani ya miaka hiyo limo jibu la swali ambalo wapenzi wa riadha hujiuliza kila baada ya miaka minne: Marekani inawatoa wapi wanawake wale wenye kasi? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye viwanja vya shule, mikononi mwa wanawake ambao baada ya ushindi hawakupata pa kwenda zaidi ya chumba cha walimu.

Mtoto wa fundi lipu

Coachman alizaliwa tarehe 9 Novemba 1923 mjini Albany, kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia, mtoto wa tano kati ya kumi. Baba yake, fundi wa kupiga lipu, aliamini kwamba binti mwenye adabu hukaa barazani akatulia. Akimkuta anakimbizana na wavulana, ilikuwa fimbo.

Nje ya nyumba kulikuwa na fimbo nyingine, nayo ni ya sheria. Georgia ya wakati huo ilitenga watu kwa rangi katika shule, mabasi, hospitali na viwanja. Vifaa vya mazoezi vya umma havikuwa vya mtoto mweusi. Alice alikimbia pekupeku kwenye barabara za vumbi, na alipotaka kuruka alitafuta kamba au vitambaa vilivyofungwa pamoja, wenzake wakashika huku na huku, yeye akaruka katikati. Hakuna aliyempimia kimo wala kumweleza kwamba mchezo ule una jina na mabingwa wake.

Aliyeona kipaji hicho mapema alikuwa mwalimu wake wa darasa la tano, Cora Bailey, ambaye pamoja na jamaa wa familia, Carrie Spry, alimkingia kifua mbele ya wazazi. Alipofika sekondari ya Madison, kocha wa riadha ya wavulana, Harry Lash, alimchukua akamfundisha. Haukupita muda habari zake zikafika Tuskegee, chuo cha watu weusi katika jimbo jirani la Alabama. Kiangazi cha mwaka 1939, kabla hata hajakaa kwenye dawati la huko, alivaa rangi za Tuskegee kwenye mashindano ya taifa ya wanawake na kushinda kuruka juu. Hakuwa ametimiza miaka 16, na aliruka bila viatu.

Ufadhili wa jasho

Tuskegee ilianzishwa mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani, na falsafa yake ilikuwa kichwa na mikono vifanye kazi pamoja. Jina la chuo hicho liliwahi kufika hata kwetu. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ikiwa na James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, ilihubiri elimu ya namna hiyo, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, jirani na Nairobi.

Chuo cha Tuskegee kilikuwa na shule ya sekondari ndani yake, na huko ndiko Coachman alikoanzia. Ufadhili aliopewa ulikuwa wa kufanyia kazi. Alisafisha ukumbi wa mazoezi na bwawa la kuogelea, akasawazisha viwanja vya tenisi vya udongo, akashona jezi za wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Baada ya hapo ndipo vitabu, na baada ya vitabu ndipo mazoezi. Mwaka 1946 alihitimu ushonaji.

Kocha mkuu wa michezo pale alikuwa Cleve Abbott, naye hakuwa mtu wa mchezo mmoja. Alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha jimbo la South Dakota, alikohitimu mwaka 1916, alijinyakulia tuzo 14 za kuiwakilisha timu ya chuo katika michezo minne. Tuskegee alifika mwaka 1923. Mwaka 1927 alianzisha mashindano ya riadha ya chuo hicho, na miaka miwili baadaye akaingiza mbio za wanawake. Hatua hiyo inataka kupimwa kwa hali ya wakati wake. Vyuo vingi vya wazungu vilikuwa vimewaondoa wasichana kwenye riadha kwa madai kwamba inaharibu uanamke wao. Kimataifa, mbio za mita 800 za wanawake zilizokimbiwa Olimpiki ya mwaka 1928 zilifutwa, zikarudi mwaka 1960. Pengo lililoachwa na wengine, vyuo vya watu weusi vililijaza. Tangu mwaka 1937 timu ya wanawake ya Tuskegee ilianza kutwaa ubingwa wa taifa, ikauzoea.

Chini ya Abbott, Coachman alicheza kila alichoweza. Katika mpira wa kikapu alikuwa mlinzi wa timu iliyotwaa ubingwa wa ukanda wao mara tatu mfululizo. Katika riadha alikimbia mita 50, mita 100 na mbio za kupokezana vijiti, akawa bingwa wa taifa wa mita 100 mwaka 1942, 1945 na 1946. Kuruka juu kulikuwa milki yake. Kuanzia mwaka 1939 hadi 1948 hakuna mwanamke mwingine aliyetwaa ubingwa wa taifa wa mchezo huo katika viwanja vya wazi. Miaka kumi, bingwa mmoja.

Katika miaka hiyo kumi Olimpiki zilizopaswa kufanyika mwaka 1940 na 1944 zilifutwa kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia. Ujana wake wa michezo ulipita ukumbini, kwenye mbio za vyuo na kwenye magazeti ya watu weusi, dunia ikiwa na mambo mengine.

Sentimita za Wembley

Alipofika London mwaka 1948 mgongo ulikuwa ukimsumbua na umri wake bora ulikuwa umeshaanza kumpa kisogo. Fainali ya kuruka juu ilifanyika tarehe 7 Agosti katika uwanja wa Wembley. Enzi hizo hakukuwa na godoro nene la kuangukia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kupita juu ya ufito kwa mgongo kama wafanyavyo leo. Mrukaji alipaswa kujua atatuaje kabla hajaondoka chini.

Mmoja baada ya mwingine waliangusha ufito, wakabaki wawili: Coachman na Dorothy Tyler wa Uingereza, mbele ya umati wa nyumbani kwa Tyler. Ufito uliwekwa mita 1.68, urefu ambao haukuwa umewahi kurukwa na mwanamke katika Olimpiki. Coachman aliuvuka kwa jaribio la kwanza. Tyler naye aliuvuka, lakini kwa jaribio la pili. Ulipopandishwa tena, wote wawili walishindwa. Kanuni ikaangalia nani alivuka kwa majaribio machache, na dhahabu ikaenda Georgia. Kwa Tyler lilikuwa pigo la pili la aina ile ile, maana Berlin mwaka 1936 pia alipata fedha akiwa ameruka urefu sawa na mshindi.

Mfalme George wa Sita ndiye aliyemkabidhi Coachman medali. Hakuna mwanamke mwingine wa Marekani aliyepata dhahabu ya riadha katika michezo hiyo. Msomaji akitaka kipimo cha karibu, akumbuke kwamba mwaka huo Kenya na Tanganyika hazikuwa na timu Olimpiki. Kenya ilianza Melbourne mwaka 1956, Tanganyika ikafuata Tokyo mwaka 1964, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke wa Kenya, ya Pamela Jelimo katika mita 800, ilikuja Beijing mwaka 2008, miaka 60 baada ya Wembley.

Meya aliyeficha mkono

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwanzoni ilionekana Coachman atatunzwa kweli. Count Basie, gwiji wa jazi, alimfanyia sherehe. Rais Harry Truman alimkaribisha Ikulu. Msafara wa magari ulimsindikiza kutoka Atlanta hadi Albany, mwendo wa kilomita zipatazo 280, na njiani watu weusi kwa weupe walitoka kumpungia.

Mambo yaligeuka ndani ya ukumbi wa mji wake mwenyewe. Weusi walikalishwa upande mmoja, weupe upande mwingine. Meya, mzungu, alikaa naye jukwaani lakini hakumpa mkono. Bingwa hakupewa nafasi ya kusema neno katika hafla iliyoandaliwa kwa ajili yake, na ilipokwisha alitolewa kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1952 Coca-Cola ilimweka kwenye matangazo yake, akawa mwanamichezo wa kwanza mwanamke mweusi kufanya hivyo nchini humo. Zaidi ya hapo, biashara ya michezo haikuwa na la kumwambia.

Kwa nini shule

Kulikuwa na sababu tatu zilizomwelekeza darasani, na zote zilikuwa nje ya uwezo wake. Ya kwanza ni kanuni za uanamichezo wa ridhaa. Riadha haikulipa, na aliyepokea fedha alifungiwa. Ya pili, hapakuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake ambayo mchezaji wa kikapu wa kiwango chake angeweza kujiunga nayo. Ya tatu, na kubwa kuliko zote, ni ajira. Kusini mwa Marekani mwanamke mweusi mwenye shahada alifungiwa milango mingi usoni, ila ule wa shule za watu weusi ulikuwa wazi, kwa sababu hizo zilihitaji walimu weusi.

Kwa hiyo Coachman alifundisha shule za msingi na sekondari, akawa kocha wa riadha. Kwa nyakati mbalimbali alifundisha pia katika vyuo vya South Carolina State na Albany State, na akafanya kazi katika Job Corps, mpango wa serikali wa kuwafunza vijana kazi za mikono. Alizaa, akalea watoto wawili. Sehemu kubwa ya maisha hayo aliyaishi bila kamera.

Tukumbuke pia alikuwa akifundisha katika hali gani. Sheria ya mwaka 1972 iliyozitaka shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vitoe nafasi sawa kwa wanawake, maarufu kwa jina la Title IX, haikuwapo. Katika mwaka wa masomo wa 1971/72 wasichana waliocheza katika timu za sekondari nchi nzima walikuwa chini ya 300,000. Leo ni zaidi ya milioni 3. Kocha wa wasichana kabla ya sheria hiyo alikuwa mtu wa kuomba: aombe zamu ya uwanja baada ya wavulana, aombe nauli ya mashindano, aombe ruhusa ya mzazi.

Hakuwa peke yake

Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Orodha ya wenzake inakataa. Audrey Patterson, aliyeshinda shaba ya mita 200 katika michezo hiyo hiyo ya London na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata medali ya Olimpiki, alihamia San Diego, akafundisha na mwaka 1965 akaanzisha klabu ya riadha ya vijana. Mildred McDaniel, aliyemfuata Coachman Tuskegee na ambaye naye alicheza mpira wa kikapu, alivunja rekodi ya dunia ya kuruka juu kwa mita 1.76 alipotwaa dhahabu Melbourne mwaka 1956, kisha akawa mwalimu wa elimu ya viungo huko Pasadena, California, kwa miongo mitatu.

Wilma Rudolph ndiye mfano mashuhuri zaidi. Mtoto wa 20 kati ya 22 wa baba yake, aliugua polio utotoni akatembea na chuma mguuni. Katika sekondari ya Burt mjini Clarksville, Tennessee, alikuwa nyota wa mpira wa kikapu kabla ya mbio. Ed Temple, kocha wa riadha wa chuo cha Tennessee State, alimwona akicheza kikapu na kumwalika kwenye mazoezi ya kiangazi ya wasichana wa sekondari. Akiwa bado mwanafunzi wa Burt alipata shaba ya mbio za kupokezana vijiti Melbourne. Roma mwaka 1960 alitwaa dhahabu tatu. Mji wake ulipotaka kumpokea kwa utaratibu wa kutenga rangi alikataa, na mapokezi yake yakawa ya kwanza mjini humo kuwachanganya weusi na weupe. Ni miaka 12 tu tangu Albany. Mwaka 1963 alihitimu ualimu, akarudi Clarksville kufundisha watoto wadogo katika shule ya Cobb na kunoa timu ya riadha ya Burt, shule iliyomlea.

Wa mwisho ni Wyomia Tyus wa Griffin, Georgia, jimbo la Coachman. Alikuwa mtu wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kutetea ubingwa wa Olimpiki wa mita 100, akishinda mwaka 1964 na 1968. Baadaye alikuwa kocha katika sekondari ya Beverly Hills, California.

Wanawake watano wenye medali za Olimpiki, hadithi moja. Serikali haikuwa imepanga hivyo, wala hakuna shirikisho lililoketi likaamua kupeleka mabingwa mashuleni. Ubaguzi uliwafungia njia nyingine, na kwa kufanya hivyo ukaziletea shule walimu ambao fedha za kawaida zisingewapata. Hilo halifanyi ubaguzi ustahili shukrani. Linaonyesha tu kwamba wanawake hawa walipopewa kilichobaki, walikifanyia kazi.

Faida ya kucheza mingi

Kuna jambo jingine linalowaunganisha, nalo makocha wa leo hulisahau. Karibu wote walipitia zaidi ya mchezo mmoja. Mlinzi wa mpira wa kikapu hujifunza kuchomoka ghafla, kusimama ghafla na kuruka kwa mguu wowote ulio karibu. Mrukaji wa ufito anayahitaji yote matatu. Temple alitafuta wakimbiaji kwenye viwanja vya kikapu kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa mwalimu wa sekondari faida ni kubwa zaidi. Mtoto wa miaka 13 hajui mchezo wake ni upi. Anaupenda ule ambao rafiki yake anaucheza, au ule wenye mpira siku hiyo. Kocha aliyecheza mchezo mmoja maisha yake yote humwona mtoto asiyefaa kwa mchezo huo akamwambia akae pembeni. Aliyecheza mitatu humwona yule yule akamhamisha: huyu mzito kwa mbio lakini ana bega la kurusha, huyu mfupi kwa kikapu lakini miguu yake ni ya mita 100. Lash hakuwa kocha wa wasichana, lakini alipomwona msichana anaruka, alimfundisha. Abbott wa tuzo 14 aliwaacha wanafunzi wake wajaribu kila kitu.

Wapo wanaosema ubobezi wa mapema ndio siri ya ubingwa, na kwa baadhi ya michezo, kama jimnastiki, wana hoja. Kwa riadha ya shule, historia hii inasema kinyume.

Heshima iliyochelewa

Heshima ya Coachman ilikuja, tena kwa kuchelewa. Aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa riadha wa nchi yake mwaka 1975. Olimpiki zilipofanyika Atlanta mwaka 1996, mwendo wa saa chache kutoka barabara alizokimbilia pekupeku, alitambuliwa miongoni mwa wanamichezo 100 bora wa historia ya michezo hiyo. Mwaka 1994 alikuwa ameanzisha taasisi ya kusaidia wanariadha chipukizi na wakongwe waliostaafu wakiwa hawana kitu. Alifariki Albany tarehe 14 Julai 2014, akiwa na miaka 90. Mji uliomtoa kwa mlango wa pembeni sasa una shule ya msingi yenye jina lake.

Kwetu watoto wenye vipaji hatujakosa. Wanaonekana kila msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari za Tanzania, na wa mashindano ya shule za Kenya. Tunachokosa ni watu wazima wa aina ya Cora Bailey na Harry Lash, na tunao mabingwa wastaafu wanaozeeka vijijini bila hata kualikwa shuleni siku ya michezo. Mzazi unayesoma makala haya, kikao cha wazazi kijacho usiishie kuuliza wastani wa mtihani. Uliza mwalimu wa michezo ni nani, amewahi kucheza nini, ana mipira mingapi, na wasichana wamepangiwa siku gani uwanjani. Majibu yakikosekana, sema wazi mbele ya mkuu wa shule kwamba hilo nalo ni deni la shule kwa mwanao.